Waayalandi na Mambo Matatu Yaliyopigwa Marufuku

Mwaka 1366 bunge la watawala wa Kiingereza lilikutana Kilkenny, kusini-mashariki mwa Ayalandi, likatunga sheria za kuwazuia walowezi wa Kiingereza wasigeuke kuwa Waayalandi. Walowezi hao walikuwa wamekaa kisiwani kwa karibu miaka mia mbili, na wengi walikuwa wamekwisha kugeuka: walioa kwa wenyeji, walivaa kama wenyeji, walipanda farasi kama wenyeji. Sheria za Kilkenny ziliamuru waseme Kiingereza, na atakayekutwa anasema Kiayalandi anyang'anywe ardhi. Ziliwakataza kuwapokea majumbani mwao washairi, wasimulizi na wapiga vinubi wa Kiayalandi. Ziliharamisha mchezo wa kupiga mpira kwa magongo, ambao leo unaitwa hurling, vijana wakaambiwa wajifunze upinde na mkuki. Na sheria yenyewe iliyodai Kiingereza iliandikwa kwa Kifaransa, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya mabwana na mahakama zao.

Lugha, wimbo, mchezo. Zaidi ya miaka 650 baadaye, mtu akiuliza Mwayalandi ni nani, majibu mengi bado hupitia katika milango hiyo mitatu. La kuangaliwa zaidi ni kwamba sheria ile haikuwalenga Waayalandi wa damu. Iliwalenga wageni walioyapenda mambo ya kisiwa. Tangu karne ya 14, basi, Uayalandi umekuwa kitu ambacho mtu huweza kukiingia kwa kukitenda, na jambo hilo limewasumbua wote waliotaka kuujengea ukuta, wawe watawala wa London au wazalendo wa Dublin.

Kisiwa chenyewe kina kilomita za mraba zipatazo 84,000, magharibi mwa kisiwa cha Britania. Leo kimegawanyika sehemu mbili: Jamhuri ya Ayalandi, ambayo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 5.1, na Ayalandi ya Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza, yenye watu milioni 1.9. Wakazi wake wa kale walisema lugha ya jamii ya Kiselti. Ukristo ulienea katika karne ya 5, na jina linalobeba historia hiyo ni la Patrick, kijana wa Britania aliyetekwa na maharamia, akafanywa mtumwa wa kuchunga mifugo Ayalandi kwa miaka sita, akatoroka, kisha akarudi kuhubiri. Mtakatifu msimamizi wa Waayalandi, kwa hiyo, hakuwa Mwayalandi. Katika monasteri zilizofuata watawa walinakili vitabu kwa Kilatini na kwa Kiayalandi. Kitabu cha Kells, Injili nne zilizopambwa kwa rangi yapata mwaka 800, kimehifadhiwa Trinity College mjini Dublin. Waviking walianza kuja mwaka 795 ili kupora, wakaishia kujenga miji: Dublin, Waterford, Wexford na Limerick zilianza kama makazi yao. Wanormani wakafuata mwaka 1169, na kwa mlango huo taji la Uingereza likaingia.

Hadi hapo, kwa kiasi kikubwa, kila aliyekuja alimezwa. Mambo yaligeuka katika karne ya 16 na ya 17, dini ilipoongezwa juu ya ugomvi wa ardhi. Uingereza ikawa ya Kiprotestanti; Waayalandi wengi wakabaki Wakatoliki. Wakuu wa Ulster waliposhindwa vitani na kukimbilia Ulaya bara mwaka 1607, mashamba yao ya kaskazini yaligawiwa walowezi wa Kiprotestanti kutoka Scotland na Uingereza. Jeshi la Cromwell lilipopita kuanzia mwaka 1649 liliacha mauaji Drogheda na Wexford, na baada yake ardhi nyingi ya Wakatoliki ikachukuliwa. Sheria za karne ya 18 ziliwafungia Wakatoliki mlango wa bunge, wa uanasheria na wa kununua ardhi. Mwaka 1801 bunge la Dublin lenyewe likafutwa na kisiwa kikaunganishwa rasmi na Uingereza.

Hata hivyo, mstari kati ya Wakatoliki na Waprotestanti haukuwahi kuwa mstari kati ya wazalendo na wapinzani wao. Wolfe Tone, aliyetaka kuwaunganisha watu wa dini zote katika maasi ya mwaka 1798, alikuwa Mprotestanti wa Dublin. Walimfuata Waprotestanti wengine wengi, katika siasa na katika fasihi, na historia ya lugha itamtaja mmoja ambaye hakuna anayeweza kumruka.

Kisha ikaja Njaa Kuu. Mwaka 1845 ukungu ulishambulia viazi mviringo, chakula cha karibu pekee cha mamilioni ya wakulima maskini, mizizi ikaoza ardhini. Ugonjwa ulirudi mwaka baada ya mwaka. Nafaka na mifugo viliendelea kusafirishwa kwenda kuuzwa Uingereza, serikali ikishikilia imani yake ya kutoingilia soko, na makabaila wakiwafukuza wapangaji walioshindwa kulipa kodi. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na zaidi ya milioni moja wakaondoka. Sensa ya mwaka 1841 ilikuwa imehesabu watu milioni 8.2, ya mwaka 1851 ilikuta milioni 6.5, na idadi iliendelea kupungua kwa miongo mingi, kwa sababu kuhama kulikuwa kumekwisha kuwa desturi ya kila ukoo. Hata leo kisiwa kizima kina watu wachache kuliko mwaka 1841. Ni vigumu kutaja taifa jingine la Ulaya lenye hesabu ya namna hiyo. Ndiyo maana ughaibuni si sura ya pembeni katika habari za Waayalandi: Boston, New York, Liverpool na Glasgow ni sehemu ya nchi hiyo kwa maana ambayo ramani haionyeshi. Maandamano ya Machi 17, Sikukuu ya Mtakatifu Patrick, yalikuzwa kwanza Marekani, kisha yakarudishwa nyumbani.

Maasi ya Pasaka ya Aprili 1916 yalidumu siku sita na yalishindwa kijeshi. Waingereza waliwapiga risasi viongozi 15, na mauaji hayo yakafanya kile ambacho maasi yenyewe hayakuweza: yaliwageuza wananchi waliokuwa wakiwabeza waasi. Ukiangalia nasaba za viongozi hao, dhana ya damu safi huyeyuka. Patrick Pearse, mwalimu na mshairi aliyesoma tangazo la jamhuri, alikuwa mtoto wa fundi mchonga mawe wa Kiingereza. James Connolly alizaliwa Edinburgh. Éamon de Valera, aliyenusurika na baadaye kuongoza serikali kwa miaka mingi, alizaliwa New York na baba yake hakuwa Mwayalandi.

Mtu wa 16 aliuawa baadaye, kwa kitanzi, mjini London, na njia yake ilipitia Afrika. Roger Casement alikuwa balozi mdogo wa Uingereza Kongo alipopanda mto mwaka 1903 kuchunguza utawala wa Mfalme Leopold. Ripoti yake iliyochapishwa mwaka 1904 ilieleza vijiji vilivyohamwa, watu waliokatwa mikono, na wanawake waliofungwa kama rehani hadi waume zao walete mpira wa porini. Serikali ya Uingereza ilimpa cheo cha heshima. Lakini Casement mwenyewe alimwandikia rafiki yake mwaka 1907 kwamba ni katika misitu ile ya Kongo, alipomkuta Leopold, ndipo alipojikuta yeye mwenyewe kuwa Mwayalandi. Aliyeona ardhi ya Wakongo ikichukuliwa kwa nguvu ya karatasi alianza kusoma upya habari za ardhi ya kwao. Mwaka 1916 alikamatwa ufukweni Kerry akitoka Ujerumani kutafuta silaha, akanyongwa Agosti 3. Karibu nusu karne baadaye Waayalandi walirudi Kongo wakiwa wanajeshi wa Umoja wa Mataifa. Tisa waliuawa katika shambulio la Niemba, Katanga, Novemba 1960, na Septemba 1961 kikosi kingine kilizingirwa Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Kwa jeshi changa la nchi iliyopata uhuru wake kwa vita, vifo vya Niemba vilikuwa vya kwanza vya mapambano ya silaha nje ya nchi, na mazishi yao yalijaza mitaa ya Dublin.

Uhuru wenyewe ulikuja ukiwa umekatwa. Vita ya mwaka 1919 hadi 1921 ilimalizwa kwa mkataba ulioziacha kaunti 26 zikiwa Dola Huru, na kaunti sita za kaskazini-mashariki, zenye Waprotestanti wengi, zikabaki na Uingereza. Wazalendo walipigana wenyewe kwa wenyewe juu ya mkataba huo mwaka 1922 na 1923. Kaskazini, ubaguzi dhidi ya Wakatoliki ulizaa maandamano, kisha miaka 30 ya mapigano iliyoua watu zaidi ya 3,500. Mkataba wa Ijumaa Kuu wa Aprili 10, 1998, ulimpa kila mzaliwa wa Ayalandi ya Kaskazini haki ya kujitambua kuwa Mwayalandi, au Mwingereza, au vyote viwili, kadiri apendavyo. Mikataba ya amani kwa kawaida hugawa vyeo na mipaka. Huu uligusa hata jina ambalo mtu hujiita.

Kiayalandi kilianza kufifia zamani, lakini karne ya 19 ndiyo iliyokivunja mgongo. Njaa Kuu iliua na kuhamisha zaidi watu wa magharibi, ambako ndiko kulikosemwa lugha hiyo. Shule za taifa zilizoanzishwa mwaka 1831 zilifundisha kwa Kiingereza. Palikuwa pia na kijiti cha kuhesabia, kilichofungwa shingoni mwa mtoto na kutiwa alama kila aliposema neno la Kiayalandi, alama zikajumlishwa jioni kwa viboko. Wasomaji wa Ngũgĩ wa Thiong'o watakumbuka kisa kinachofanana na hicho katika shule za Kenya ya kikoloni. Tofauti chungu ni kwamba Ayalandi wazazi wengi walishirikiana na mwalimu. Methali ya Mwacha asili ni mtumwa ni rahisi kuitamka mbele ya mtu aliyeshiba. Mzazi wa Connemara, magharibi mwa kisiwa, wa mwaka 1850 alijua kwamba nusu ya watoto wake wataishi Boston au Liverpool, na kwamba huko Kiayalandi hakiwezi hata kununua mkate. Sensa ya mwaka 1851 ilikuta wasemaji wapatao milioni moja na nusu, karibu robo ya watu wote, wengi wao maskini na wengi wakielekea bandarini.

Lugha iliyokuwa inakufa vijijini ilianza kupendwa mijini. Mwaka 1893 iliundwa Conradh na Gaeilge, jumuiya ya kufufua lugha, na rais wake wa kwanza alikuwa Douglas Hyde, mtoto wa kasisi wa Kiprotestanti aliyejifunza Kiayalandi kwa wakulima jirani wa Roscommon. Mwaka mmoja kabla, Hyde alikuwa ametoa mhadhara mashuhuri akiwahimiza Waayalandi waache kuiga Uingereza katika lugha, majina, muziki na mavazi. Alitaka jumuiya ibaki nje ya siasa; ilipochukuliwa na wanasiasa mwaka 1915, akajiuzulu. Mwaka 1938 akawa rais wa kwanza wa nchi chini ya katiba mpya, ambayo inakitaja Kiayalandi kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza.

Hapo ndipo penye somo gumu. Serikali huru ilifanya karibu kila kinachoweza kufanywa kwa amri: somo la lazima shuleni, sharti la kuajiriwa serikalini lililodumu hadi miaka ya 1970, vibao vya barabara kwa lugha mbili. Mwaka 1935 familia 27 za Connemara zilihamishiwa kaunti ya Meath, karibu na Dublin, ili zianzishe kijiji cha wasemaji huko, na Ráth Chairn kipo hadi leo. Matokeo yanasomeka katika sensa ya mwaka 2022: watu milioni 1.87 katika Jamhuri walisema wanajua Kiayalandi, lakini waliokisema kila siku nje ya shule hawakufika 72,000. Wengi hukiheshimu kama mtu anavyomheshimu mzee ambaye hamtembelei. Vizazi vya wanafunzi vilikariri sarufi kwa hofu ya mtihani, vikamaliza shule bila kuweza kuagiza chai.

Kilichofanya kazi vizuri zaidi kilianzia chini. Redio ya Kiayalandi, Raidió na Gaeltachta, ilianza kutangaza mwaka 1972 baada ya vijana wa Connemara kuendesha kampeni na kurusha matangazo yao bila leseni. Televisheni ikafuata mwaka 1996. Shule zinazofundisha masomo yote kwa Kiayalandi zimeenea mijini kwa madai ya wazazi. Belfast, familia chache zilijijengea mtaa wa wasemaji tangu mwisho wa miaka ya 1960, na kutoka mji huohuo kundi la Kneecap limekipeleka Kiayalandi kwenye muziki wa rap, pamoja na matusi yake. Filamu An Cailín Ciúin, iliyosemwa kwa sehemu kubwa kwa Kiayalandi, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2023. Umoja wa Ulaya ulikifanya lugha rasmi mwaka 2007, na sheria ya mwaka 2022 ikakitambua Kaskazini. Mashariki mwa Belfast, ngome ya Waprotestanti, kuna madarasa yenye wanafunzi ambao baadhi ya mababu zao wa Scotland walisema lugha ya ukoo huohuo.

Na lugha iliyoondoka midomoni haikuondoka yote. Kiingereza cha Ayalandi kimebeba sarufi yake: Mwayalandi aliyetoka kula husema, kwa mpangilio wa maneno wa mababu, kwamba yuko baada ya kula, na ni kawaida kujibu swali kwa kurudia kitenzi badala ya kusema ndiyo au hapana. Waandishi waliokichukua Kiingereza hicho hawakukiomba radhi. Yeats, Shaw, Beckett na Heaney walipata Tuzo ya Nobel, na James Joyce, ambaye hakuipata, alikibomoa na kukijenga upya kuliko wote wanne.

Katika muziki, Ayalandi ni nchi ambayo alama yake ya taifa ni ala. Kinubi kiko kwenye sarafu, pasipoti na mhuri wa serikali, kikichorwa kwa mfano wa kinubi cha kale kilichopo Trinity College. Kampuni ya bia ya Guinness ilikuwa imekwisha kukichukua kinubi hichohicho kuwa chapa yake kabla dola haijazaliwa, hivyo cha serikali kinatazama upande wa pili. Ajabu ni kwamba mila ya wapiga vinubi ilikuwa karibu kutoweka. Wafadhili wake, wakuu wa koo za Kiayalandi, waliangushwa karne ya 17, na msanii mkubwa wa mwisho, kipofu Turlough O'Carolan, alifariki mwaka 1738. Mwaka 1792 wapenzi wa muziki wa Belfast, mji wa Wapresbiteri, waliwakusanya wapiga vinubi waliosalia. Wakaja Waayalandi kumi, mmoja akiwa na umri uliopita miaka 90, bado akicharaza nyuzi kwa kucha kama walivyofanya wa kale. Edward Bunting, kijana wa miaka 19, aliajiriwa kuandika tuni zao. Wolfe Tone alihudhuria, akaandika katika shajara yake kwamba vinubi vimemchosha. Mpigania uhuru halazimiki kupenda kila kitu cha kwao.

Muziki ulioendelea kuishi ni wa watu wa kawaida: fidla, filimbi ya bati, kodiani, na zumari za mfuko unaojazwa hewa kwa kiwiko. Bodhrán, ngoma bapa ya ngozi ya mbuzi, haitamshangaza anayelijua dufu. Upande wa kuimba, mtindo wa sean-nós hauna ala kabisa: sauti moja, kwa Kiayalandi, ikipamba kila silabi, na mwimbaji mara nyingi hufumba macho au kushikwa mkono na jirani. Wimbo ulikuwa gazeti, mahakama na kaburi la wasio na vitabu. Wasaliti walilaaniwa humo na waliozama baharini wakatajwa kwa majina.

Hata hapa, usafi haupatikani. Banjo ilitoka kwa Waafrika waliouzwa utumwani Marekani, ikavuka bahari kwenda Ayalandi, na leo hakuna anayeishangaa katika baa za kaunti ya Clare. Bouzouki ililetwa kutoka Ugiriki miaka ya 1960. Mkusanyaji mkubwa kuliko wote wa tuni hizo alikuwa mkuu wa polisi wa Chicago, Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork, ambaye mwaka 1903 alichapisha tuni 1,850, nyingi zikiwa zimetoka kwa wahamiaji, baadhi yao askari wake mwenyewe. Sahani za santuri alizorekodi mpiga fidla Michael Coleman mjini New York zilirudi vijijini Sligo na kaunti nyingine, na wapigaji wakaanza kumwiga, hata mitindo ya mahali ikafifia kidogo. Mwaka 1994, katika mapumziko ya mashindano ya Eurovision mjini Dublin, dakika saba za Riverdance ziliutoa mchezo wa miguu wa Kiayalandi kwenye kumbi za parokia na kuupeleka duniani. Wachezaji wake wakuu wawili, Jean Butler na Michael Flatley, walizaliwa Marekani.

Wimbo wa taifa nao una kisa. Amhrán na bhFiann uliandikwa kwa Kiingereza na Peadar Kearney, kama wimbo wa askari, mwanzoni mwa karne ya 20. Tafsiri ya Kiayalandi ilifuata baadaye, na ndiyo inayoimbwa. Maelfu wanaoshindwa kufanya mazungumzo ya dakika tano kwa lugha hiyo huimba ubeti mzima bila kukosea. Mahali wanapofanya hivyo mara nyingi zaidi ni uwanjani.

Chama cha michezo ya Kigaeli, GAA, kiliundwa Novemba 1, 1884, katika hoteli moja mjini Thurles, kwa wito wa mwalimu Michael Cusack, aliyechoshwa na kuona michezo ya Kiingereza ikitawala na ya wenyeji ikidharauliwa. Walichofanya waanzilishi kilikuwa rahisi na cha akili: walichukua mipaka iliyokuwepo. Klabu ni parokia, timu kubwa ni kaunti. Kaunti zilikuwa zimechorwa na utawala wa Kiingereza. GAA ndiyo iliyowafanya watu wazipende. Mchezaji hahami kwenda kunakolipa zaidi, kwa sababu hakuna mshahara. Michezo ni ya ridhaa hadi leo: mwalimu, polisi au mkulima hucheza Jumapili mbele ya watu 80,000, Jumatatu akarudi kazini. Pale sheria za lugha zilipoleta wanafunzi wasio na hamu, parokia ilileta watoto wenyewe, na hilo ndilo linaloeleza kwa nini uwanja ulifaulu pale darasa liliposhindwa.

Hurling huchezwa na watu 15 kila upande, kwa gongo la mti lenye ncha pana na mpira mdogo wa ngozi unaoweza kwenda zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Mpira unaoingia wavuni una pointi tatu. Mpira unaopita juu ya mwamba una pointi moja. Mpira waweza kupigwa chini, hewani, au kukimbizwa ukiwa juu ya gongo. Helmeti zikawa za lazima kwa watu wazima mwaka 2010 tu. Soka ya Kigaeli hutumia magoli hayohayo, lakini kwa mikono na miguu. Kilkenny, ambako ilitungwa sheria ya kuiharamisha hurling, ndiyo kaunti yenye ubingwa mwingi kuliko zote katika mchezo huo, mara 36. Wanawake wana camogie tangu mwaka 1904. Mwaka 2018 UNESCO iliingiza hurling na camogie katika orodha ya urithi wa binadamu.

Novemba 21, 1920, katikati ya vita ya uhuru, majeshi ya serikali yaliingia Croke Park mjini Dublin wakati wa mechi na kufyatulia umati risasi, kulipiza mauaji ya maofisa wa ujasusi asubuhi ile. Watu 14 walikufa, akiwemo mchezaji wa Tipperary, Michael Hogan, na jukwaa kuu linaitwa kwa jina lake. Uwanja huo, wenye nafasi zaidi ya 82,000, hauwezi tena kuwa uwanja tu. Chuki iliyokuwa na sababu ilizaa pia ukali usio na sababu. GAA iliwafukuza wanachama waliocheza au hata kutazama soka, raga, kriketi na magongo ya Kiingereza. Mwaka 1938 ilimvua Douglas Hyde, rais wa nchi na mfufuaji wa lugha, heshima ya ulezi wa chama, kwa kuwa alihudhuria mechi ya soka kati ya Ayalandi na Poland. Katazo hilo lilifutwa mwaka 1971. Februari 24, 2007, baada ya Croke Park kufunguliwa kwa raga, wimbo wa taifa wa Uingereza uliimbwa humo kukiwa kimya cha heshima. Kisha Ayalandi ikaifunga Uingereza 43 kwa 13.

Raga ina jambo lake. Timu ni moja kwa kisiwa chote, Wakatoliki na Waprotestanti, Jamhuri na Kaskazini, kwa hiyo tangu mwaka 1995 ina wimbo wake, Ireland's Call, usiotaja dola yoyote. Wapenzi wa muziki huuona dhaifu. Kama suluhisho la kisiasa, haujawahi kushindwa. Soka ina timu mbili. Ile ya Jamhuri ilipata siku zake kubwa chini ya kocha Mwingereza, Jack Charlton, aliyeifikisha robo fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1990 kwa kuwatafuta watoto na wajukuu wa wahamiaji waliozaliwa Uingereza na Scotland. Shujaa wake mmoja, Paul McGrath, ni mtoto wa mama Mwayalandi na baba Mnaijeria. Mashabiki hawakuomba vyeti vya ukoo.

Mwaka 2005 nahodha wa Cork, Seán Óg Ó hAilpín, alipokea kombe la hurling Croke Park na kutoa hotuba nzima kwa Kiayalandi. Alizaliwa Fiji kwa mama wa kisiwa cha Rotuma. Mwaka mmoja kabla, kura ya maoni ilikuwa imefuta uraia wa moja kwa moja kwa watoto wanaozaliwa nchini na wazazi wa kigeni. Mambo hayo mawili hayapatani, na Jamhuri, ambako sasa mtu mmoja kati ya watano alizaliwa nje, inaishi nayo yote mawili.

Michezo pia imesafiri kwenda Afrika Mashariki kwa njia isiyotarajiwa. Bruda Colm O'Connell alifika Iten, Kenya, mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's, bila kuwa kocha wa riadha. Akabaki. Kati ya aliowanoa ni David Rudisha, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mwaka 2012 na 2016.

Kaskazini, uwanja mkuu wa GAA uko magharibi mwa Belfast, ulifunguliwa mwaka 1953 na unaitwa Casement Park, kwa heshima ya yule mchunguzi wa Kongo. Ulifungwa mwaka 2013. Mipango ya kuujenga upya ilikwama kwa miaka mingi kwa pingamizi za majirani mahakamani, gharama, na mabishano ya wanasiasa. Ulikuwa umeteuliwa kuwa mwenyeji wa mechi za soka za mataifa ya Ulaya mwaka 2028. Septemba 2024 serikali ya London ilisema haitatoa fedha za kuukamilisha kwa wakati, na mechi hizo zikaondolewa Belfast.